Noeli Njema, na Akiba ya Januari



Kila mwaka, mwanzoni mwa Januari, sisi wauguzi huwapokea watoto wenye homa kali waliocheleweshwa nyumbani. Tukimwuliza mama sababu, mara nyingi jibu ni moja: fedha zote ziliishia sikukuu. Ndiyo maana mwezi huu tunazungumza juu ya Noeli.

Fedha ya Januari itengwe kwanza. Kabla ya kununua chochote, baba na mama wakae pamoja, watenge nauli ya hospitali, fedha ya dawa, sare na madaftari. Kinachobaki ndicho cha sikukuu. Watoto nao waelezwe mapema. Gauni la mwaka jana likifuliwa na kupigwa pasi linafaa kabisa kwa Misa.

Chakula. Si lazima kila nyumba ichinje mbuzi. Ndugu wa nyumba tatu wanaweza kuchanga wakachinja mmoja. Hata jogoo wa nyumbani, pamoja na ndizi, maharage na mchicha wa bustanini, hutosha familia na mgeni. Pikeni kinachomalizika siku hiyo, kwa maana wali na nyama vikikaa zaidi ya saa mbili nje ya jokofu huanza kuwa hatari. Kuhara kwa watoto baada ya sikukuu mara nyingi hutokana na viporo na mikono isiyonawiwa kwa sabuni.

Pango. Mwaka 1223, huko Greccio, Italia, Mtakatifu Fransisko wa Asizi aliadhimisha Noeli kwa hori, nyasi kavu, ng'ombe na punda; vitu vya shambani tu. Baba na watoto wanaweza kufinyanga watu wa pango kwa udongo na kuezeka kibanda kwa majani ya migomba. Jioni mbili za kazi hiyo humpa mtoto asichoweza kununuliwa dukani: muda wa baba yake. Fedha iliyokuwa iende kilabuni nayo inabaki nyumbani.

Wageni na chandarua. Hapa ndipo tunapokosea wengi. Mgeni hupewa kitanda chenye chandarua, nao watoto hutandikiwa mkeka sebuleni bila kinga. Homa ya malaria kwa kawaida huanza siku 10 hadi 15 baada ya kuumwa na mbu mwenye vimelea. Basi mtoto aliyeumwa mkesha wa Noeli huweza kuugua kati ya tarehe 3 na 8 Januari, wakati mfuko ni mtupu. Fungeni chandarua hata juu ya mkeka, na ncha zake zichomekwe chini. Mtoto akipata homa, apelekwe kupimwa siku hiyo hiyo. Asisubiri wala asipewe dawa za kubahatisha.

Mtoto Yesu alizaliwa horini, na wazazi wake walikuwa karibu naye. Nasi tuwe karibu na watoto wetu. Tunawatakia Noeli njema na Januari yenye afya.