Maelekezo ya Mwalimu na Kumbukumbu ya Mtoto katika Somo la Michezo

Wengi wetu tunaofundisha michezo katika shule za msingi huamini kwamba stadi ikishaelezwa hatua kwa hatua, nusu ya kazi imekwisha. Imani hiyo ina kasoro, na kasoro yenyewe haitokani na uvivu wa mtoto wala uhaba wa maneno ya mwalimu. Hutokana na jinsi akili ya binadamu inavyoshika mambo.

Tuchukue mfano wa kufunga goli katika netiboli. Pete ya goli iko mita 3.05 kutoka ardhini, na upana wake ni sentimeta 38 tu. Mwanachuo aliye katika mazoezi ya kufundisha huandika katika andalio la somo: mtoto apanue miguu, akunje magoti, ainue mpira juu ya kichwa, auegemeze kwenye vidole, aelekeze kiwiko mbele, atazame pete, anyooshe magoti na mkono kwa pamoja, kisha akunje kiganja anapouachia. Hayo ni mambo manane, na andalio la namna hiyo humpendeza sana mkaguzi. Lakini mtoto wa Darasa la Nne atayaweka wapi?

Wataalamu wa saikolojia huita kumbukumbu ya kazi ule uwezo wa akili wa kushika mambo machache kwa muda mfupi huku ikiyatumia. Mwaka 1956 Mmarekani George Miller alikadiria kuwa mtu mzima huweza kushika mambo yapatayo saba kwa mara moja. Mwaka 2001 Nelson Cowan alionyesha kuwa kadirio lililo karibu zaidi na ukweli ni manne hivi. Uwezo wa mtoto ni mdogo zaidi. Basi anapofika kwenye kiwiko, habari ya miguu imekwisha kumtoka. Mwalimu, akidhani hakusikiliza, humrudia maelezo yale yale kwa sauti kubwa zaidi, na mzigo huongezeka.

Mwaka 1967 Paul Fitts na Michael Posner walieleza kuwa mwenye kujifunza stadi hupita vipindi vitatu: kwanza huwaza kila tendo, kisha huyaunganisha matendo, na mwishowe mwili hutenda wenyewe, akili ikawa huru kuutazama mchezo. Kwa miaka mingi ilichukuliwa kwamba kipindi cha kwanza sharti kijazwe maelezo. Mwaka 1992, huko Uingereza, Richard Masters alilijaribu jambo hili kwa watu wasiojua kucheza gofu. Baadhi yao walipewa maelekezo kamili ya namna ya kuusukuma mpira shimoni. Wengine hawakupewa neno, tena walitakiwa kutaja herufi ovyo ovyo wakati wote wa mazoezi, ili akili zao zisipate nafasi ya kujitungia kanuni. Hatimaye wote walipimwa katika hali ya wasiwasi. Waliojifunza kwa maelekezo hawakusonga mbele; wale wa herufi waliendelea kufanya vizuri zaidi.

Hapa pana jambo zito kwetu. Mtoto aliyejazwa kanuni, akisimama mbele ya goli katika mashindano ya UMITASHUMTA huku shule nzima ikimtazama, huzirudia kanuni zake. Huanza kukisimamia kiwiko, kisha kiganja, na mkono uliokuwa mwepesi jana unakakamaa. Tena huitwa mwoga, na huenda asiguse mpira tena. Sisi twaona kwamba mara nyingi hawazidi wenzake kwa woga. Amewazidi kwa maneno yaliyomo kichwani.

Mwalimu afanyeje basi? Kwanza, kazi yenyewe ipangwe iwe rahisi hata isihitaji maelezo. Ringi ya baiskeli iliyochakaa ni pana kuliko pete ya kanuni. Ifungwe kwenye tawi la mwembe, chini kidogo, na mtoto asimame karibu. Atafunga mara nyingi, na asiyekosa hana haja ya kujitafutia sababu za kukosa. Siku zinavyopita, ringi ipandishwe na mtoto arudishwe nyuma hatua moja moja.

Pili, maelekezo manane yageuzwe kuwa picha moja. Mwaka 2001 Liao na Masters waliwafundisha watu pigo la mpira wa meza kwa kuwaambia tu wauchore kwa kibao upande mmoja wa pembetatu. Hao, hata walipopewa hesabu ya kufanya papo hapo, pigo lao halikuharibika. Katika netiboli twaweza kusema: “Urushe kama unampa mwenzio aliye nyuma ya ukuta.” Mpira utapanda na kushuka inavyotakiwa, na magoti yatakunjwa bila kutajwa.

Hatusemi mwalimu anyamaze. Sheria za usalama, kama katika kutupa tufe, sharti zisemwe, tena zirudiwe mpaka zizoeleke. Pia mtoto anayerudia kosa moja kwa majuma huhitaji neno, mradi liwe moja.

Ili kujua kama stadi imekwisha kuzama, mwalimu amwambie mtoto afunge goli huku akihesabu kwa sauti kutoka ishirini kurudi nyuma. Ambaye mkono wake hautasita apewe pete ya kanuni. Atakayesimama kwenye kumi na saba, mpira ukiwa mkononi, arudi kwanza mwembeni.