Mvinyo Mwekundu wa Dodoma na Mizani ya Mkulima

Watu wa Mgololo na wa Mufindi kwa jumla hawahitaji kufundishwa habari za kinywaji kisichosubiri. Ulanzi uliogemwa alfajiri ni mtogwa, mtamu. Ukilala umekuwa mkangafu, na baada ya siku chache hauna mnunuzi. Ndiyo maana ulanzi hauendi mbali sana na milanzi yake, ukiacha madumu machache yanayopandishwa kwenye mabasi.

Juma hili tutazame kinywaji ambacho, kikitengenezwa vizuri, hupanda thamani kwa kusubiri. Nacho ni mvinyo mwekundu wa Dodoma.

Mizabibu ilifika Dodoma kwa mikono ya wamisionari Wakatoliki, waliohitaji divai ya misa, na jina la Bihawana halikosekani katika historia hiyo. Kutoka huko ilienea hadi Makutupora, Hombolo, Mpunguzi na Chinangali. Makutupora pana kituo cha utafiti wa zabibu, na mbegu nyekundu inayopandwa sana mkoani humo inaitwa kwa jina la mahali hapo.

Msikilizaji atauliza, kwa nini Dodoma, kwenye ukame? Naam, ni kwa sababu ya huo ukame. Mvua ya Dodoma ni kama milimita 500 hadi 600 kwa mwaka, nayo hunyesha zaidi kati ya Desemba na Aprili. Mashamba ya chai ya Mufindi hupata zaidi ya mara mbili ya hiyo. Chai hufurahi, lakini mzabibu ukilowa mno hushikwa na ukungu, na zabibu zake hujaa maji badala ya sukari. Kwa kuwa Dodoma haina baridi kali ya kuulaza mmea kama Ulaya, mkulima ndiye anayeuamsha kwa kuupogoa. Hivyo huvuna mara mbili kwa mwaka, mara moja karibu na Februari na Machi, na mara nyingine Agosti na Septemba. Kwa mvinyo, mavuno ya kiangazi ndiyo yenye sifa.

Sasa wekundu unatoka wapi? Si kwenye maji ya zabibu. Ukikamua zabibu nyekundu, maji yake karibu yote ni meupe. Rangi imo katika ganda. Kwa hiyo zabibu hupondwa na kuachwa zichachuke pamoja na maganda yake kwa siku kadhaa, hamira ikila sukari na kuigeuza kilevi. Maganda huelea, na mtengenezaji huyasukuma chini kila mara. Humo hutoka rangi, na pia ule ukakasi unaofanana na wa chai ya rangi iliyosahauliwa kwenye birika. Ukakasi huo ndio unaoufanya mvinyo mwekundu udumu. Ukiwekwa katika pipa la mti wa mwaloni kwa miezi, hulainika.

Dodoma inao uwezo huo. Kule Hombolo kiwanda cha CETAWICO kimetumia mbegu ya Makutupora na vilevile mbegu za Italia kama Teroldego na Marzemino. Hata hivyo, wanywaji wengi mjini wanaijua Dodoma kwa Dompo tu, ule mvinyo mtamu wa bei nafuu. Siudharau, una wapenzi wake. Lakini haupaswi kuwa ndio jina lote la mkoa.

Ugumu uko shambani. Mvinyo wa hali ya juu hutaka mzabibu uzae vichala vichache, vilivyoiva sawasawa. Mkulima naye akilipwa kwa kilo, atauachia mzabibu vichala vyote na kumwagilia hadi siku za mwisho, maana maji nayo yana uzito. Nani atamlaumu? Mizani haionji sukari. Tena zabibu iliyoiva haina subira kuliko ulanzi. Kilipoanguka kiwanda cha umma cha DOWICO, wakulima walijua maana ya kuwa na mavuno bila mnunuzi.

Njia mbili zinaonekana. Ya kwanza ni mnunuzi kupima sukari hapo hapo mizanini, kwa kifaa kidogo kinachohitaji tone moja tu, na zabibu tamu zaidi zikalipwa zaidi. Ya pili ni wakulima kuwa na matangi yao, wakamue wenyewe na kuuza kile wanachokiita mchuzi wa zabibu, ambao waweza kungoja bei. Serikali nayo imekuwa ikitoza ushuru mdogo zaidi mvinyo ambao zaidi ya asilimia 75 ya zabibu zake zimelimwa nchini. Nafuu hiyo humfikia mwenye kiwanda kwanza. Inamfikia mkulima pale tu kiwanda kinapogombania zabibu zake.

Basi ukinunua chupa, igeuze usome nyuma zabibu zake zilikolimwa. Kama imeandikwa Dodoma, tafuta pia jina la mbegu na mwaka wa mavuno.