Kanuni za Bei ya Vitabu Pepe na Wachapishaji Huru wa Texas

Bei ya kitabu pepe hupangwa kwa mojawapo ya njia mbili. Katika mfumo wa jumla, mchapishaji hulipwa bei ya jumla na mwenye duka hujipangia bei ya rejareja, hata ya hasara. Katika mfumo wa uwakala, mchapishaji ndiye apangaye bei ya mwisho, na duka hukata kamisheni, ambayo mara nyingi ni asilimia 30.

Mwaka 2010 Apple na wachapishaji wakubwa watano waliingia mfumo wa uwakala. Vitabu vipya vilivyokuwa vikiuzwa dola 9.99 vikapanda hadi dola 12.99 na 14.99. Tarehe 11 Aprili 2012 Wizara ya Sheria ya Marekani iliwafungulia mashtaka, na siku hiyo hiyo Texas na Connecticut ziliongoza majimbo mengine kushtaki mjini Austin. Mwaka 2013 mahakama iliamua kuwa Apple ilishiriki njama ya kupandisha bei, na mwaka 2016, rufaa yake ilipogonga mwamba, Apple ikalazimika kuwarudishia wasomaji dola milioni 400. Kilichokatazwa ni njama; uwakala wenyewe ulibaki halali.

Kwa anayejichapishia au mchapishaji mdogo anayetumia huduma ya Amazon ya Kindle, kanuni nzito zaidi ni ya mrabaha. Kitabu cha kati ya dola 2.99 na 9.99 kinaweza kupata asilimia 70 ya bei. Nje ya hapo ni asilimia 35. Cha dola 9.99 huleta takriban dola 6.99 kabla ya makato, ilhali cha dola 12.99 huleta dola 4.55 tu. Anayechagua asilimia 70 hukatwa pia senti 15 kwa kila megabaiti ya faili. Kitabu cha picha cha megabaiti 20 hupoteza hivyo dola 3 kabla ya mrabaha kukokotolewa.

Vitabu vyenye gharama kubwa na wasomaji wachache ndivyo vinavyobanwa zaidi na bei ya chini. Wachapishaji huru wa Texas huchapisha vitabu vya aina hiyo: Deep Vellum ya Dallas, iliyoanzishwa mwaka 2013, huchapisha tafsiri. Mwaka 2015 ilitoa kwa Kiingereza riwaya ya Tram 83 ya Fiston Mwanza Mujila, mzaliwa wa Lubumbashi. Arte Público, iliyoanzishwa mwaka 1979 na yenye makao katika Chuo Kikuu cha Houston, huchapisha waandishi wa asili ya Amerika ya Kilatini, pamoja na vitabu vya watoto vya lugha mbili. Mashirika yote mawili hayaendeshwi kwa faida, hivyo misaada huziba pengo ambalo mauzo hayalizibi.

Msomaji naye hulipa zaidi ya bei iliyoandikwa. Dallas, Fort Worth na Houston hutoza kodi ya mauzo ya asilimia 8.25, hata kwa vitabu pepe, hivyo dola 9.99 huwa 10.81. Anachopata kwa kawaida ni leseni ya kusoma, si nakala ya kuuza tena. Maktaba za umma huazimisha bure, lakini leseni zao nyingi huisha baada ya muda au idadi fulani ya maazimo, na hulazimika kulipiwa upya.