Ugonjwa ukiingia nyumbani, mtoto naye ana la kusema

Mwaka 2017, Chiharu Shiota, msanii Mjapani anayeishi Berlin, Ujerumani, alipata habari njema. Jumba la sanaa la Mori jijini Tokyo lilimwomba aandae onyesho kubwa la kazi zake. Kesho yake akapata habari nyingine: saratani ya ovari aliyougua mwaka 2005 ilikuwa imerudi.

Nyumbani alikuwa na binti mdogo.

Shiota, aliyezaliwa Osaka mwaka 1972, anafahamika kwa sanaa ya nyuzi. Yeye na wasaidizi wake huingia kwenye chumba kitupu, wakabana uzi ukutani kwa stepla, wakauvuta hadi upande wa pili, wakaufunga kwenye uzi mwingine. Siku baada ya siku chumba hujaa, hadi anayeingia hujiona kama yumo ndani ya utando wa buibui. Kona za chumba na kimo cha dari huchangia kuamua umbo la kazi. Onyesho likiisha, nyuzi hukatwa.

Mwaka 2015 huko Venice, Italia, alining’iniza kwa nyuzi nyekundu funguo kuukuu zaidi ya 50,000 zilizotolewa na watu mbalimbali. Chini yake aliweka mashua mbili.

Saratani iliporudi, alitibiwa huku akiendelea na kazi. Onyesho la Tokyo lilifunguliwa mwaka 2019, na watu zaidi ya 660,000 walilitazama. Miongoni mwa kazi zilizokuwamo, moja haikuwa na uzi hata mmoja. Ilikuwa video ya watoto wa miaka 10 hivi, rika la binti yake, wakiulizwa kuhusu roho. Walijibu kwa maneno yao wenyewe.

Katika nyumba nyingi mambo huwa kinyume. Mzazi akiugua, wakubwa hunong’ona, na mtoto akitokea mazungumzo hukatika. Lakini mtoto anaona dawa mezani, anaona mama hali chakula. Asipoelezwa hujitungia maelezo yake, na wapo wanaodhani wao ndio waliosababisha ugonjwa.

Mzazi, utaje ugonjwa kwa jina lake, kwa maneno yanayolingana na umri wa mwanao. Kama ni saratani, mwambie haiambukizwi kwa kukumbatiana wala kula pamoja, na kwamba hakuna alichofanya kuisababisha. Mweleze nani atampeleka shule siku za hospitali. Usimwahidi usichokuwa na uhakika nacho. Ukiulizwa usilolijua, sema hujui.

Kisha muulize yeye anawaza nini, unyamaze, umsikilize.

Huenda siku ya kwanza asiseme kitu. Usimlazimishe. Jaribu tena kesho mkiosha vyombo au mkienda dukani. Nyuzi za Shiota nazo hazijazi chumba kwa siku moja.