Je, Wajua? Kinyota Kimoja, Maana Mbili

Je, wajua kuwa ukitafuta Mp* unaweza kuletewa Mlele?

Chukua majina ya Mkoa wa Katavi, uliomegwa kutoka Rukwa mwaka 2012: Mpanda, Mpimbwe, Mlele, Mishamo, Karema. Unapotafuta mafaili kwa njia ya kawaida, kinyota husimama badala ya herufi zozote, kwa hiyo Mp* huleta Mpanda na Mpimbwe tu. Lakini katika rejeksi, lugha ya alama ambayo waandishi wa programu huitumia kuchambua maandishi, kinyota huirudia herufi iliyotangulia mara sifuri au zaidi. Mlele ina M, ikifuatwa na p sifuri. Inapita! Mishamo nayo inapita. Kinyota hicho tumekirithi kwa mwanahisabati Mmarekani Stephen Kleene, katika makala yake ya mwaka 1956.

Ukitaka kugeuza alama za utafutaji wa kawaida ziwe rejeksi, anza na nukta. Katika rejeksi nukta ni herufi yoyote moja, hivyo ilinde kwa kuitangulizia \. Ndipo * iwe .* na ? iwe nukta tupu. Fungia mwanzo kwa ^ na mwisho kwa $. Hivyo Mpanda*.csv itaandikwa ^Mpanda.*\.csv$. Usibadili utaratibu huo, maana ukichelewesha ulinzi, hata nukta ulizoongeza mwenyewe zitakuwa nukta za kawaida na utakosa mafaili unayoyatafuta.

Anayetumia Python asijisumbue: fnmatch.translate hufanya kazi hii yote, na imo ndani ya Python yenyewe.