Namna ya Kufunga Cheni Mpya ya Pikipiki Nyumbani

Zamani safari za nchi ya Singida zilikuwa za miguu, za punda na za magari ya ng'ombe. Siku hizi mtu aendaye mnadani, mwalimu afundishaye shule ya mbali, mkulima apelekaye gunia la alizeti au la vitunguu sokoni, hata mama mwenye uchungu apelekwaye zahanati usiku, wengi wao huchukuliwa na pikipiki. Tena tangu mwaka 2010, kanuni za Serikali ya Tanzania zilipoweka utaratibu wa leseni za pikipiki zichukuazo abiria, kazi ya bodaboda imekuwa riziki ya vijana wengi. Kwa hiyo yafaa wasomaji wetu wajue habari za chombo kimoja ambacho nguvu yote ya injini hupita ndani yake kabla ya kufika katika gurudumu, nacho ni cheni.

Watu wengi hudhani ya kwamba cheni hukatika kwa bahati mbaya, au kwa sababu waliuziwa dukani kitu kisichofaa. Pengine ni kweli. Lakini mara nyingi cheni huanza kuharibika siku ile ile ilipofungwa, kwa kuwa imekazwa mno, au imefungwa juu ya sproketi kuukuu, au klipu yake imeelekezwa kinyume. Kuepuka makosa haya kwataka maarifa na subira, wala si kazi iliyo juu ya uwezo wa mtu mwenye spana na mikono yenye uangalifu.

CHENI NI KITU GANI

Cheni ya namna hii si ya jana. Hans Renold, mtu wa Uswisi aliyekuwa na kiwanda huko Manchester, Uingereza, aliandikiwa hati ya haki ya ubunifu wake mwaka 1880. Hata leo umbo lake ni lile lile. Kila kiungo kina pini ya chuma izungukayo ndani ya bomba dogo liitwalo bushi, na juu ya bushi hiyo huzunguka roli, ndiyo ikaayo katikati ya meno ya sproketi.

Pikipiki nyingi za injini za ukubwa wa sentimita za ujazo 125 na 150 hutumia cheni ya namba 428. Umbali wa pini moja hata ya pili ni nusu ya inchi, yaani milimita 12.7. Sasa fikiri kazi yake. Tuseme gurudumu la nyuma lina mzunguko wa karibu mita 1.9, sproketi ya nyuma ina meno 42, na cheni ina viungo 116. Katika mwendo wa kilometa moja tu, kila kiungo hupita juu ya sproketi ya nyuma karibu mara 190, na kila mara hujikunja na kujinyosha.

Basi mchanga ukiingia kati ya pini na bushi, huzisaga kama jiwe lisagavyo mtama. Tundu la kila kiungo hupanuka kidogo sana, lakini viungo vipitavyo mia vikipanuka pamoja, cheni yote hurefuka. Chuma chenyewe hakikuvutika kama mpira. Ni matundu yaliyoliwa. Nchi yetu ina barabara nyingi za kichanga, na wakati wa kiangazi vumbi halina mwisho; kwa hiyo cheni za huku zina adui asiyepumzika.

KUJUA KAMA CHENI IMEKWISHA

Usiitupe cheni kwa kuitazama kwa macho tu, wala usiitumie hata ikatike. Ipime. Isafishe, kisha ivute iwe imenyoka, uhesabu pini 21, na upime kwa rula kutoka katikati ya pini ya kwanza mpaka katikati ya pini ya mwisho. Hapo katikati pana nafasi 20, na katika cheni mpya ya 428 utapata milimita 254. Ukipata milimita 259, cheni imerefuka kwa asilimia 2, nayo yastahili kuondolewa.

Kisha tazama meno ya sproketi. Meno mazima yana umbo sawa pande zote mbili. Meno yaliyokwisha huwa membamba na kuinama upande mmoja kama ncha ya ndoana. Hapo ndipo watu wengi hutaka kupunguza gharama, wakanunua cheni peke yake. Cheni mpya ina nafasi zake sawa, lakini meno ya sproketi kuukuu yamekwisha kuzoea cheni iliyorefuka. Basi roli hazikai mahali pake, na mzigo wote huchukuliwa na meno machache. Ni kama kumfunga ng'ombe mwenye nguvu nira moja na mgonjwa: yule mzima huchoka kabla ya wakati wake. Nunua cheni na sproketi mbili kwa pamoja, na uhakikishe ya kwamba idadi ya meno ni ile ile ya zile za kwanza.

KUFUNGUA NA KUFUNGA

Chagua mahali pa sawa pasipo na mchanga, utandike gunia au turubai chini. Zima injini, utoe ufunguo, uiache ipoe. Simamisha pikipiki juu ya stendi ya kati, gurudumu la nyuma lisiguse ardhi, na gia iwe huru. Tayarisha spana zinazolingana na nati zako, plaizi, bisibisi bapa, rula, brashi, vitambaa, na mafuta ya taa katika kopo. Usisafishe kwa petroli, kwa maana mvuke wake hushika moto upesi. Na hata mafuta ya taa yakae mbali na jiko na sigara.

Kwanza, ondoa kava la cheni na kifuniko cha sproketi ya mbele, ambacho katika pikipiki nyingi kipo upande wa kushoto wa injini. Safisha matope yaliyogandamana humo. Ikiwa sproketi ya mbele hufungwa kwa nati moja kubwa, ilegeze sasa, mtu mmoja akikanyaga breki ya nyuma nawe umeingiza gia, kwa sababu cheni ikiisha kuondolewa sproketi itazunguka ovyo. Katika pikipiki nyingi ndogo hushikwa na bamba dogo lenye bolti mbili, na hizo hazina taabu. Ukiisha kulegeza, rudisha gia iwe huru.

Pili, tafuta kiungo chenye klipu. Isukume klipu kwa plaizi itoke, uondoe bamba la nje, na cheni itafunguka. Usiitupe kwanza, maana bado ina kazi.

Tatu, legeza nati ya ekseli, ulitoe gurudumu, ubadilishe sproketi ya nyuma. Zikaze nati zake moja moja kwa mapande yanayokabiliana, si kwa kufuata duara, na kama kuna vibamba vya kuzuia nati zisilegee, vikunje tena. Tazama na zile raba zilizomo ndani ya habu: zikiwa zimepasuka au zinacheza, zibadilishe, kwa sababu kazi yake ni kupunguza mshtuko wa injini usifike katika cheni. Kisha funga sproketi mpya ya mbele, urudishe gurudumu, na kulisogeza mbele kadiri liwezekanavyo.

Nne, hesabu viungo vya cheni ya zamani na vya cheni mpya. Usilinganishe kwa kuzilaza sambamba, kwani ile ya zamani imerefuka nayo itakudanganya. Ikiwa mpya ina viungo vya ziada, vipunguze kwa kifaa cha kusukumia pini. Viungo huondolewa viwili viwili, kwa kuwa cha ndani na cha nje hufuatana, na kiungo cha klipu hutaka viungo vya ndani pande zote mbili.

Tano, pitisha cheni mpya juu ya sproketi zote mbili, uzikutanishe ncha zake juu ya meno ya sproketi ya nyuma, ambapo hukaa zimetulia. Ingiza kiungo kipya kutoka upande wa ndani, uweke bamba la nje, kisha klipu. Klipu ina upande uliofumba na upande uliopasuka. Ule uliofumba lazima uelekee kule cheni inakokwenda. Kwa kuwa sehemu ya juu ya cheni huvutwa kwenda mbele, klipu ikiwa juu, upande uliofumba hutazama mbele ya pikipiki. Ukikosea, kijiti au jiwe laweza kuipiga klipu katika ule mpasuko, ikaruka njiani. Wala usitumie tena klipu ya zamani.

KADIRI YA KULEGEA

Hapa ndipo penye siri ya kazi yote. Mtu akiona cheni inacheza, hutamani kuikaza hata iwe kama uzi wa zeze, naye hudhani amefanya vema. Sivyo. Uma wa nyuma ushikao gurudumu hupanda na kushuka kwa springi. Abiria wakipanda na gunia likifungwa, uma hupanda, na ekseli husogea mbali kidogo na sproketi ya mbele; cheni iliyokuwa sawa bila mzigo hukaza. Ikiwa haikuachiwa nafasi, huvuta beringi za injini na za gurudumu, nayo yenyewe huliwa upesi au kukatika.

Kwa hiyo pima katikati ya sehemu ya chini ya cheni, ukiisukuma kwa kidole juu na chini. Katika pikipiki nyingi za ukubwa huu mchezo wake uwe kati ya milimita 20 na 30, lakini kitabu cha mtengenezaji kikisema vingine, kifuate hicho. Zungusha gurudumu polepole kwa mkono, upime mahali mbalimbali, na utengeneze kwa kufuata mahali palipokaza kuliko pote. Kisha pikipiki ishushwe chini, watu wapande kama wafanyavyo safarini, nawe uguse tena cheni: lazima ibaki na mchezo kidogo.

Nati za kukazia cheni ziko pande mbili za gurudumu. Zizungushe kwa kiasi sawa, alama za kushoto na za kulia zilingane. Ukitia shaka, nyosha uzi kando ya matairi yote mawili, uone kama gurudumu la nyuma limekaa upande. Kaza nati ya ekseli kwa nguvu, upime mchezo mara ya pili, maana kukaza kwaweza kuubadili. Tena usisahau breki: gurudumu likisogezwa, fimbo ya breki ya nyuma nayo hubadilika, basi itengeneze na kuijaribu kabla ya kupanda.

MAFUTA NA HATARI

Wengine hupaka cheni oili chafu iliyotolewa katika injini. Haifai, kwa sababu ina unga wa chuma, tena hunasa vumbi. Tumia mafuta mazito ya gia, tone moja moja kati ya mabamba ya viungo upande wa ndani, uache yaingie, kisha ufute yote yaliyobaki nje. Cheni njema huwa na mafuta ndani na ukavu nje. Wakati wa masika isafishe kila baada ya kupita matopeni. Wakati wa kiangazi ifute vumbi mara kwa mara.

Jambo moja ni la kukatazwa kabisa. Usifute wala kupaka mafuta cheni inayozungushwa na injini. Kitambaa kikinaswa, kidole hufuata, na meno ya sproketi hayana huruma. Watoto wasikaribie, na aliyevaa kanga au shuka asiinamie gurudumu linalozunguka.

Cheni mpya hukaa mahali pake katika siku za kwanza, kwa hiyo ipime tena baada ya kazi ya siku moja, na tena baada ya juma moja. Asiyeweza kupima kwa uhakika na amwite fundi. Hakuna aibu katika hilo. Aibu ni kumpakia mtu usiku juu ya cheni usiyoijua. Maana ikikatika katika mteremko kama ule wa Sekenke, injini haiwezi tena kusaidia kupunguza mwendo. Tena yaweza kujikusanya katika sproketi ya mbele na kupasua kasha la injini, au kujisokota na kulizuia gurudumu lisizunguke, na pikipiki ikaanguka pamoja na abiria.

Viongozi wa vijiji na waalimu wangefanya vema kuwaeleza vijana haya, na vikundi vya bodaboda vingeweza kununua kwa pamoja kifaa kimoja cha kusukumia pini, na kuweka rula mahali pajulikanapo na wote. Kupima cheni ni kazi ya dakika chache. Kila mwenye pikipiki na aipime yake kabla ya safari ijayo, na mbele ya milimita 259 asiseme, "Bado kidogo."