Kichwa Kielekee Msituni

Mhubiri wa Kianglikana Apolo Kivebulaya alifariki Mei 30, 1933 huko Boga, pembeni mwa msitu wa Ituri nchini Kongo, akiwa ameacha agizo moja kuhusu kaburi lake. Desturi ilitaka maiti alazwe kichwa kikielekea mashariki. Kwake yeye mashariki ndiko kulikokuwa kwao, Buganda. Akasema hapana. Alitaka alazwe kichwa kikielekea magharibi, kulikokuwa na msitu na vijiji ambavyo vilikuwa bado havijaisikia Injili.

Agizo hilo limenikaa moyoni kuliko vyeo vyote alivyopata, ushemasi mwaka 1900, ukasisi mwaka 1903 na ukanoni mwaka 1922. Mtu aliye ugenini akihisi mwisho wake umekaribia, kwa kawaida huulizia kwao. Huyu aliwaza kazi iliyobaki.

Wala hakulelewa madhabahuni. Mwenyewe alisimulia kwamba katika ujana wake alivuta bangi na kubeba silaha katika vita vya dini vilivyoitikisa Buganda. Alibatizwa mwaka 1895, na mwaka huohuo akatumwa katika ufalme wa Toro kufundisha. Huko akasikia habari za Boga, ng'ambo ya mto Semliki. Walimu wawili wa Kiganda waliotangulia kule walikuwa wamerudi, maana Mukama Tabaro, mtawala wa Boga, alikuwa amewanyima chakula. Apolo akajitolea kwenda.

Hapa ndipo linapoingia jembe. Masimulizi ya Boga na Toro yanasema alipewa simbi za kununulia nguo, naye akazitumia kununua jembe. Alipoulizwa, akajibu kwamba mwenye jembe hafi njaa.

Ukilifikiria jibu hilo utaona lina uzito. Katika falme za nyanda zile, mgeni aliyekula chakula cha mtawala alikuwa mtu wa mtawala. Akimkwaza, sahani inaondolewa, na somo linakwisha hapohapo. Ndivyo ilivyowapata wale wawili. Apolo alifika akiwa na chakula chake cha kesho begani. Akalima, akapanda, akavuna. Angeweza kumwambia Tabaro wazi kuhusu pombe na wingi wa wake, jioni akarudi kwenye ndizi na viazi vyake. Nadhani bashasha yake ilianzia papo hapo, shambani. Waliomjua walimkumbuka kama mtu wa kicheko, aliyezungukwa na watoto, na naamini ni rahisi zaidi kumchekea anayekuchukia ikiwa hungoji akulishe.

Bashasha hiyo haikumkinga. Dada yake Tabaro alianguka kwenye mkuki wa Apolo uliokuwa umefichika kwenye majani, akafa. Apolo akashtakiwa kwa mauaji, akapelekwa Toro na kufungwa kabla ya kuachiliwa. Alisimulia kwamba katika siku hizo za mateso Kristo alimtokea na kumwambia asiogope, kwa kuwa yuko pamoja naye. Maisha yake yote aliyafunga kwenye neno hilo. Alipoachiwa alirudi Boga, kwa watu walewale, na baada ya muda Tabaro mwenyewe alibatizwa. Mtu aliyetaka kumwangamiza mhubiri akawa mshirika wa kanisa lake. Sijui habari nyingine ya Injili katika eneo lile inayonigusa kama hii.

Hakuoa, mchumba wake alikuwa amefariki. Nyumba yake ikajaa vijana aliowalea, akawafundisha kusoma, kulima na kujenga. Kuanzia mwaka 1921 aliingia msituni kwa Wambuti, watu ambao majirani zao wengi waliwadharau, akakaa nao, akajifunza lugha yao. Mmoja wa vijana aliowalea, Nasani Kabarole, akawa mwinjilisti. Wengine wakaingia vijijini na kusonga mbele kule alikotaka kichwa chake kielekee. Mwaka 1972 Boga ikawa dayosisi, na mwaka 1992 Waanglikana wa Kongo wakapata jimbo lao wenyewe. Mizizi yake iko katika shamba lile.

Sasa sikukuu yake huadhimishwa kila Mei 30. Mwaka 2021, usiku wa kuamkia Mei 31, wapiganaji walishambulia Boga na Tchabi na kuua watu zaidi ya 50. Wengi walikimbia, wakaacha mashamba yao yakiwa na mazao.

Nikisoma habari hiyo karibu na habari za Apolo najikuta nina maswali nisiyoweza kuyajibu. Jembe lilimwokoa na mtawala mwenye hila. Je, linamsaidia nini mkulima anayevamiwa usiku na mtu asiyemjua wala asiyetaka chochote kwake ila uhai wake? Wahubiri wa Boga wanawaambia nini wajane wa mwaka 2021, siku ileile wanapomshukuru Mungu kwa ajili ya Apolo? Na Wambuti, aliokwenda kukaa nao wakati wengine wakiwacheka, leo nani anakwenda kukaa nao, tena akiwa amebeba chakula chake mwenyewe?